Kabla ya Kununua Lori, Nunua Kazi Yake



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno na wenzangu, hasa wale ambao wamekwisha kupata kiinua mgongo chao, na wale ambao wanakingojea. Siku hizi hapa Voi mtu akiacha kazi ya reli, au akipunguzwa, swali la kwanza analoulizwa na majirani ni hili: "Utanunua nini?" Na jibu karibu kila mara ni lile lile: "Nitanunua lori."

Sishangai. Mji wetu umekaa njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita mlangoni petu usiku na mchana, na ile ya Taveta, inayotoka mpakani Holili, inakuja kukutana nayo hapa hapa. Mtu akikaa nje ya nyumba yake jioni na kuyahesabu malori yanayopita, huona kama ni fedha zinapita, na yeye hana mkono wa kuzishika. Kumbe anachokiona ni lori tu. Deni lililo juu ya lori lile halioni, na tairi ambalo halitamaliza mwezi halioni.

Maoni yangu ni haya, nami nayatoa mapema ili msomaji asichoke kuyatafuta: kununua lori si vibaya, lakini asinunue mtu lori kabla hajapata kazi ya lori hilo, na asitoe shilingi zake zote kulinunua. Lori lisilo na mzigo ni mzigo wewe unaoubeba, na lori lisilo na mfuko wake wa akiba limekwisha kuharibika, ila bado halijasimama.

Najua wako watakaocheka, waseme mtu wa reli akiwashauri wenye malori ni chui anayewashauri mbuzi. Wacheke, lakini wasome. Kwanza, hao mbuzi ni ndugu zangu, tuliofanya kazi pamoja na kulipa michango ya chama pamoja. Pili, ndizi ya Taveta haiendi kwa miguu yake hadi sokoni Mombasa, wala mkonge wa Mwatate haujipakii wenyewe. Reli ya Voi na Taveta ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915 na 1916, kwa ajili ya kupeleka askari kupigana na Wajerumani, na baadaye ikabeba mazao. Iliponyamaza, malori ndiyo yaliyochukua kazi. Lori na behewa ni watoto wa baba mmoja. Tatu, kazi yangu mimi ni kutazama magurudumu, breki na springi, na chuma hakijui kama kiko juu ya reli au juu ya lami. Kikitunzwa kinakaa, kikidharauliwa kinaua.

Sasa niwaeleze habari ya kaka yetu mmoja. Jina lake silitaji, maana hakutenda uovu wowote hata atangazwe. Alikuwa fundi wa njia ya reli, mtu mpole, mwenye mikono migumu. Alipoacha kazi alipewa fedha ambazo hajapata kuzishika maishani mwake. Baada ya wiki tatu alikuwa na lori la magurudumu kumi, lililopigwa rangi mpya likang'aa kama bibi arusi. Muuzaji alimwambia lina injini nzuri kabisa, akaamini. Alitoa fedha zote, hata akakopa kidogo kwa shemeji yake ili atimize bei.

Mwezi wa kwanza alifurahi. Kila safari alirudi na noti mfukoni, akaezeka nyumba yake mabati, akalipa karo ya watoto, akanunua na kitanda. Kila mtu alimwita tajiri. Mwezi wa tatu, akitoka Mombasa na saruji, kabla ya kufika Maungu maji ya radieta yakachemka. Dereva akamwagia maji ya chupa, akaendelea. Yakachemka tena, akaendelea tena, maana mwenye mzigo alikuwa akipiga simu. Walipofika Voi, gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Fundi alipofungua injini aliona mambo mengine ya zamani yaliyofichwa na rangi mpya. Bei ya matengenezo ilikuwa kubwa, na kaka yetu hakuwa na senti ya lori. Zilikuwa juu ya nyumba, zimekuwa mabati.

Lori lile lilikaa juu ya magogo miezi mingi. Matairi yakauzwa moja moja, kisha betri, kisha likauzwa kama chuma. Siku moja nilikwenda kumsalimu, akaniambia, "Mghosi, mimi nilinunua chuma, sikununua kazi." Neno hilo limekaa moyoni mwangu, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Tuanze basi na hiyo kazi. Wengi wetu tukifikiri lori tunafikiri trela refu, makontena ya bandari, safari za Malaba na Kampala. Hiyo ndiyo kazi yenye sifa, lakini ndiyo yenye simba wengi. Kuna makampuni yenye malori mamia, yenye gereji zao na madereva wa zamu, na wewe una lori moja. Wao lori moja likilala, mengine yanakwenda. Lako likilala, nyumba nzima imelala njaa.

Tena kazi ya bandari inageuka kwa kalamu ya serikali. Tukumbuke yaliyotokea. Treni ya abiria ya reli mpya, yaani SGR, ilianza tarehe 31 Mei 2017, na ya makontena ikaanza Januari 2018. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo yote inayotoka bandarini kwenda bara ipite kwenye reli hiyo. Watu wa Mombasa wakaandamana, na wenye hoteli, pampu na gereji katika miji ya njiani wakalalamika kwamba malori yamepungua. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema amri hiyo inapingana na Katiba. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa. Sisi wa reli tulifurahi mwaka ule, wenye malori walifurahi mwaka huu. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema hivi: katika miaka mitatu kazi iligeuka huku na huku, na wakati wote huo mkopo wa benki haukugeuka hata siku moja. Tarehe ya kulipa ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo mtu mwenye lori moja na atazame kwanza mizigo ya nyumbani, ile isiyongojea amri ya mtu. Taveta kuna ndizi, nyanya, vitunguu na maembe yanayokwenda Mombasa na Nairobi. Kuna mashamba ya mkonge Mwatate, Voi na upande wa Taveta. Kuna mchanga, mawe na kokoto kwa watu wanaojenga, na ujenzi haujasimama katika miji yetu. Kuna saruji, mabati, unga na mbolea zinazopanda kutoka Mombasa kwenda Mwatate, Wundanyi na Taveta. Tangu barabara ya Mwatate hadi Taveta ilipotiwa lami, na ofisi za mpakani Taveta na Holili zikafanywa kituo kimoja mwaka 2016, njia ile imekuwa na uhai mpya.

Kabla ya kutafuta lori, chukua mwezi mzima utembee kwa miguu na matatu. Nenda sokoni Taveta siku ya soko, ukae na wenye ndizi, uwaulize wanalipa kiasi gani kwa safari, wanalipa lini, na msimu wa uchache ni upi. Nenda kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi uwaulize nani anawaletea saruji. Jambo kubwa ni mzigo wa kurudi. Lori linalokwenda Mombasa na ndizi likarudi tupu limekula dizeli mara mbili kwa mshahara mmoja. Ukipata watu wawili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda, walioweka neno lao kwenye karatasi, hapo umekwisha kununua kazi. Sasa tafuta chuma.

Katika karatasi hiyo usisahau bei ya mafuta. Bei ya dizeli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Julai 2023 kodi ya VAT juu ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ada ya kutengeneza barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Aliyekuwa amepatana nauli ya mwaka mzima bila kutaja dizeli, aliibeba ongezeko hilo mgongoni mwake peke yake. Andika hivi tu: bei ya dizeli ikipanda kupita kiasi fulani, na nauli itazamwe upya.

Sasa lori lenyewe. Chagua kwa kazi, usichague kwa macho. Kama kazi yako ni ndizi na saruji za hapa, lori la ekseli mbili lenye magurudumu sita litakufaa kuliko dude la magurudumu kumi linalokwenda nusu tupu. Chagua aina ambayo spea zake zinapatikana Voi au Mombasa siku hiyo hiyo, na ambayo mafundi wetu wanaijua kwa kuigusa tu. Isuzu na Mitsubishi Fuso hazikujaa barabarani kwa sababu ya uzuri wa sura, zimejaa kwa sababu ikikatika springi usiku, asubuhi utapata nyingine. Lori la kigeni la bei rahisi linalongoja spea kutoka ng'ambo siku arobaini si rahisi hata kidogo. Na wale wanaotaka kuagiza lori lililotumika nje wajue kwamba sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto.

Ukienda kulitazama, usiende na fundi wa muuzaji. Nenda na wa kwako, umlipe wewe, hata kama lori hulinunui. Fedha ya fundi aliyekuambia "liache" ni fedha iliyofanya kazi kuliko zote. Tena nendeni asubuhi na mapema, bila kutoa habari ya saa. Weka mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na kuna jambo hataki ulione. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo inayosema kweli.

Ikiwashwa tazama moshi. Moshi wa buluu ni oili inaungua ndani. Moshi mweusi usiokwisha ni dizeli nyingi kuliko hewa, pengine filta imeziba au injekta zimechoka. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya injini kupata joto ni ishara ya maji kuingia ndani, au dizeli isiyoungua vizuri. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, funga uage. Fungua radieta injini ikiwa baridi, kisha iwashwe. Maji yakitoa mapovu mfululizo, gasketi imekwisha.

Kisha lala chini, nguo zitafuliwa. Pita chasisi yote kwa macho na kwa kidole, utafute mahali palipochomelewa na kupakwa rangi juu. Tazama springi kama kuna jani lililovunjika. Tazama matairi: likiwa limelika upande mmoja tu, ekseli haikai sawa. Usiamini saa ya kilomita, maana inarudishwa nyuma kwa dakika chache. Amini pedali ya klachi, kiti cha dereva na usukani, hivyo havidanganyi. Halafu omba kulijaribu likiwa na mzigo, mlimani. Lori tupu kwenye tambarare kila moja ni zuri.

Na karatasi ni sehemu ya lori kama injini. Namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma lazima iwe sawa na ile ya kitabu cha gari. Fanya upekuzi wa kumbukumbu za NTSA ujue mwenye gari ni nani hasa, na kama kuna benki inayolidai. Usitoe fedha zote mpaka jina liwe linahamishwa. Watu wamelipa malori ya watu wengine, wakaja kunyang'anywa barabarani mbele ya watoto wao.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Ukiwa na fedha za kununua lori, usinunue lori la fedha hizo zote. Nunua la chini yake, na sehemu inayobaki, walau robo, iende benki kwa jina la lori, si kwa jina lako. Tena kila safari, kabla hujanunua sukari, toa haki ya lori.

Nitatoa hesabu ya mfano, nanyi mtaweka bei za dukani kwenu. Tuseme lori lina matairi sita, na kila tairi ni shilingi 30,000. Jumla ni 180,000. Tuseme matairi hayo yatakwenda kilomita 60,000. Basi kila kilomita moja lori linakula shilingi 3 za tairi. Safari ya Voi na Mombasa, kwenda na kurudi, ni kilomita 300 na zaidi, kwa hiyo umekula matairi ya shilingi 900, ingawa siku hiyo hakuna mtu aliyekuja kukudai. Tuseme tena oili na filta zake ni shilingi 15,000 kwa kila kilomita 5,000. Hizo ni shilingi 3 nyingine kwa kilomita, na 900 nyingine kwa safari. Bado breki, springi, betri, bima, ukaguzi wa kila mwaka na kodi. Bado injini yenyewe, ambayo siku moja itataka kufunguliwa yote. Mtu akirudi na shilingi 10,000 baada ya dizeli na posho, huziita faida. Si faida. Ndani yake kuna tairi, kuna oili, kuna injini ya kesho. Akizila zote amekula lori lake mwenyewe, leo gurudumu, kesho gia boksi.

Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, sikuendelea. Lakini tulifundishwa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, kwamba kwanza aketi ahesabu gharama, asije akachekwa na watu kwa msingi uliobaki pale pale. Mfano ule haukuandikiwa wajenzi peke yao.

Upande wa matunzo, reli imetufundisha desturi njema, tusiiache getini siku tunapoondoka. Treni haitoki kabla mtu hajaipitia yote. Tangu zamani wakaguzi walipita na nyundo wakigonga magurudumu, na sikio likasikia lililo na ufa. Fanya hivyo na lori lako kila alfajiri, dakika kumi na tano tu. Pima oili na maji injini ikiwa baridi. Gonga kila tairi, sauti ya tairi lililopungua upepo inajulikana, hasa lile la ndani ambalo macho hayalifikii. Tazama nati za magurudumu: ukiona kutu nyekundu imechirizika kutoka kwenye nati, imelegea. Kwa lori la breki za upepo, fungua matangi ya upepo maji yatoke. Tazama chini lilipolala kama kuna tone la oili. Huku kwetu kwenye vumbi jekundu, filta ya hewa ni mapafu ya injini. Anayekwenda Kishushe au Kasigau asingoje kilomita za kitabuni, aisafishe na kuibadilisha mapema. Giriisi ni rahisi kuliko beringi, na beringi ni rahisi kuliko ekseli.

Na kila jambo liandikwe. Nunua daftari la shule. Andika kilomita, lita za dizeli, oili, tairi lililobadilishwa na tarehe yake. Siku lori litakapoanza kunywa dizeli kuliko kawaida, daftari litakuambia wiki nzima kabla ya fundi, na kama dizeli inauzwa njiani, daftari litakuambia pia.

Milima ya Taita haina mchezo. Anayeshuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate na mzigo ashuke kwa gia ile ambayo angepandia, asikae juu ya breki mpaka zikanuka. Breki iliyopata moto haina breki. Na usiku katika nchi ya Tsavo, tembo na nyati hawana taa. Mwendo wa haraka wa saa moja hautalipa lori, wala roho ya mtu.

Juu ya uzito sina maneno mengi. Sheria ya Afrika Mashariki imeweka tani 8 kwa ekseli ya mbele yenye matairi mawili, na tani 10 kwa ekseli ya nyuma yenye matairi manne. Basi lori la ekseli mbili haliwezi kupita tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe. Likiwa lenyewe lina tani 6, zimebaki 12, tena kama kiwanda kimeliruhusu kubeba kiasi hicho, maana malori mengi madogo hayakuruhusiwa. Mwenye mzigo atakuambia, "Ongeza mifuko kumi tu." Faini ya mizani ya Mariakani hatailipa yeye, wala springi hatainunua yeye.

Sasa neno la mwisho, na hili nalisema kama mwanachama. Siku utakapomwajiri dereva na taniboi, wewe umekuwa tajiri wa kazi, hata kama suruali yako ina kiraka. Usisahau ulivyokuwa jana. Tumesimama jua kali kudai mshahara unaolipwa siku yake, likizo na akiba ya uzeeni. Je, yafaa tuvuke barabara tu tukawe wale wale tuliokuwa tukiwalalamikia? Mlipe dereva mshahara unaojulikana, peleka michango yake ya NSSF na ya SHA. Sheria inasema dereva wa lori asiendeshe zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne. Dereva wa kaka yetu aliendelea na radieta inayochemka kwa kuwa aliogopa kupoteza kibarua. Kama angekuwa na ruhusa ya kusimama bila kugombezwa, pengine lori lile lingalikuwa barabarani mpaka leo. Haki ya mfanyakazi ni sehemu ya matunzo ya gari.

Tena, mbona kila mtu anunue peke yake na aanguke peke yake? Sisi tulijifunza nguvu ya chama kabla ya kujifunza kuendesha. Watano kati yetu wenye malori ya aina moja wanaweza kufanya ushirika mdogo: wakanunua matairi na oili kwa jumla, wakamweka fundi mmoja, wakapeana mizigo ya kurudi, na lori la mmoja likilala, la mwingine likachukua mzigo wake ili mteja asiende kwa watu wengine. Hivyo ndivyo mwenye lori moja anavyoweza kusimama mbele ya mwenye malori mia. Naomba chama chetu kiliweke jambo hili katika mkutano wa tawi, na kila anayekaribia kuacha kazi aitwe akae na waliomtangulia, waliofaulu na walioshindwa, kabla fedha hazijafika mkononi. Zikiisha kufika, masikio huziba.

Kiinua mgongo ni miaka yetu ya jasho iliyogeuzwa karatasi. Hailipwi mara ya pili. Anayetaka lori na anunue, nitamsaidia kulitazama chini kwa mikono yangu, bila malipo. Lakini anijibu maswali mawili kwanza: Mzigo wa kwenda na wa kurudi ni wa nani? Na fedha ya lori iko wapi, mbali na iliyolinunua? Akiyajibu yote mawili, nitampigia makofi. Asipoyajibu, nitamwomba angoje.

Ni mimi ndugu yenu katika chama,
Mtu wa Mabehewa, Voi.